Mbwa Koko na Kitabu cha Nasaba

Msikilizaji wetu mmoja wa Magomeni ameniandikia barua. Nifafanue mapema kwamba hii si Magomeni ya Dar es Salaam, yenye Mapipa na Mikumi yake, bali ni Magomeni ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambako ukitaja Mikumi watu hufikiria tembo na simba, si kituo cha daladala. Bwana huyu anafuga mbwa dume wa rangi ya kahawia, masikio wima, mkia umejikunja. Jirani yake humwambia kila siku kwamba mbwa huyo ana damu ya mbwa wa polisi, na kwamba watoto wake wakiuzwa wataleta fedha ya maana. Barua inamalizia hivi: "Shikamoo mzee wangu. Nasikia ughaibuni wanapima vinasaba vya mbwa na kukupa cheti cha kabila lake. Je, wakimpima huyu wangu wataniambia ni nani?"

Marahaba, mwanangu. Wengine watacheka kwamba mtu wa Kilosa anauliza kabila la mbwa. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hili lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapo hapo Kilosa.

Kwetu Tanzania ukisema vinasaba, au DNA kama tulivyozoea kuita, watu hufikiria baba aliyemkana mtoto na safari ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Tuna hata sheria ya vinasaba vya binadamu, ya mwaka 2009. Kipimo cha baba ni rahisi kukielewa: yupo mtoto, yupo mtuhumiwa, maabara inalinganisha. Kipimo cha kabila la mbwa ni kitu kingine kabisa. Hapa hakuna mtuhumiwa mmoja. Maabara inachukua mate ya mbwa kwa kijiti cha pamba, inasoma maelfu ya alama katika vinasaba vyake, kisha inauliza alama hizi zinafanana na za nani miongoni mwa mbwa waliomo katika orodha yake. Biashara hiyo ilianza kushika kasi Marekani mwaka 2007, miaka miwili tu baada ya wanasayansi kuchapisha ramani ya vinasaba vyote vya mbwa jike mmoja wa aina ya boxer, jina lake Tasha.

Sasa tazama neno "orodha". Ndilo linalobeba shauri zima. Waliomo katika orodha ni mbwa wenye makabila yaliyoandikishwa, na uandikishaji huo si wa zamani hata kidogo. Kennel Club ya Uingereza, klabu mama ya mambo haya, iliundwa London mwaka 1873. Kabla ya hapo walikuwapo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda, lakini hakukuwa na kitabu kilichofungwa kinachosema huyu ni wa ukoo huu na yule haruhusiwi kuingia. Mabwana wa enzi ya Malkia Victoria ndio waliopenda vitabu vya namna hiyo.

Huyo mbwa wa polisi anayesifiwa na jirani wa Magomeni ni kijana kuliko hata bendera ya Kijerumani iliyopepea hapo. Carl Peters alifika Usagara, yaani nchi hiyo hiyo ya Kilosa, mwishoni mwa mwaka 1884, akiwa na karatasi zake za mikataba ambazo masultani walitia alama bila kujua wanatia alama juu ya nini. Februari 1885 Kaisari akazibariki, na kwa karatasi hizo Usagara ikawa mali ya kampuni. Mbwa wa Kijerumani alipata karatasi yake miaka 14 baadaye. Mwaka 1899 afisa wa jeshi aliyeitwa Max von Stephanitz alimnunua mbwa mmoja katika maonyesho, akampa jina la Horand von Grafrath, akamwandika namba moja kitabuni. Hapo ndipo ilipoanza aina tunayoiita leo "Jamani shepadi". Mzee aliyezaliwa Kilosa siku Peters anapita alikuwa tayari anachunga mbuzi na mbwa wake wakati huyo wa polisi hajaandikwa.

Basi huyo mbwa aliyekuwapo Usagara kabla ya karatasi zote hizi alikuwa nani?

Kwanza alikuwa mbwa aliyeweza kuishi hapo, na hilo si jambo dogo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alivuka mbuga ya Mkata, kati ya Morogoro na Kilosa, katika masika. Maji, matope, punda wanakufa, wapagazi wanaugua. Alikuwa na mbwa wake wa ulinzi, jina lake Omar, aliyemtegemea sana kulinda kambi. Omar alikufa kwa ugonjwa wa matumbo akiwa karibu kabisa kuingia Usagara. Watu wa huko walikuwa na mbwa wao, na mbwa hao hawakuwa wakifa kwa kuvuka mbuga.

Mwanaakiolojia Peter Mitchell wa Oxford aliandika mwaka 2015 akijiuliza kwa nini mbwa, aliyeishi Misri zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, alichelewa sana kufika kusini mwa Afrika. Anadhani maradhi ndiyo yaliyomzuia njiani, ikiwemo nagana inayoletwa na mbung'o. Ninavyoona mimi, dhana hiyo ina nguvu. Mwaka 2018 watafiti wa China na Nigeria waliosoma vinasaba vya mbwa wa Nigeria walikuta jeni moja iliyobadilika kwa namna inayohusishwa na kinga dhidi ya vimelea vya jamii ya malaria. Mababu wa mbwa hao walilipa kwa vifo mpaka wakabaki wanaoweza kuishi hapa. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege akiwa na cheti hana urithi huo.

Pili, alikuwa mbwa mwenye ukoo wake. Jambo hili lilithibitishwa jirani kwetu. Adam Boyko wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya damu ya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Damu nyingine ilikusanywa na ndugu yake, Ryan, na mkewe, waliokuwa katika safari yao ya fungate. Fikiria bibi harusi anayekubali kumshikilia mbwa koko ili bwana harusi achome sindano! Walitaka kujua kama mbwa hawa ni mchanganyiko wa mabaki ya mbwa wa Kizungu waliotupwa, kama wengi walivyoamini. Walikuta sivyo. Mbwa wa sehemu nyingi walizochunguza walikuwa na ukoo wao wa Kiafrika, ulio mbali na makabila ya vitabuni. Waliochanganyika sana na damu ya kigeni walikuwa wale wa Namibia ya kati, nchi ya walowezi.

Katika uchunguzi huo huo walimpima Rhodesian ridgeback, mbwa anayesifiwa kuwa Mwafrika halisi, mwindaji wa simba, ambaye sifa zake za kitabuni ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mstari wa nywele zilizosimama mgongoni aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Lakini damu yake kwa sehemu kubwa ilionekana kuwa ya nje. Mwenye cheti cha Afrika akakutwa mgeni, na koko wa Uganda asiye na cheti akakutwa mwenyeji.

Mwaka 2020 Anders Bergström, Pontus Skoglund na wenzao wa Taasisi ya Francis Crick, London, walisoma vinasaba vya mbwa 27 wa kale kutoka mifupa. Walikuta kwamba miaka 11,000 iliyopita tayari dunia ilikuwa na koo tano za mbwa zilizokwisha kutengana, na kwamba mbwa wa leo wa kusini mwa Sahara wanaelekea kutoka chimbuko moja, karibu na mbwa wa kale wa upande wa Shamu.

Sasa nimjibu mwanangu wa Magomeni. Ukituma mate ya mbwa wako kwa maabara yenye orodha ya makabila ya Ulaya peke yake, watakuletea majina. Ni sawa na kumtafuta mtu wa Kigoma katika daftari la wapiga kura la Kilosa: karani aliyelazimishwa kujibu atakutajia jina linalofanana. Maabara zenye uadilifu zaidi siku hizi zimeongeza mbwa wa vijijini katika orodha zao, na zinaweza kukuandikia tu kwamba huyu ni mbwa wa kijiji wa Afrika. Wapo wanaolipa fedha nyingi wakaona jibu hilo ni hasara. Mimi ningelitundika ukutani.

Lakini sikatai kwamba jirani anaweza kuwa na haki kidogo. Kilosa na Kimamba zilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, mengine ya mabwana wa Kigiriki, na reli imepita hapo tangu enzi za Wajerumani. Mbwa dume haombi pasipoti. Hapo ndipo kipimo kina kazi ya kweli, maana macho hayatoshi. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 jinsi walivyochanganya makabila mawili ya mbwa. Wajukuu walitoka wa kila sura, wengine hawafanani na bibi wala babu. Masikio wima na rangi ya kahawia si ushahidi.

Kabila mojawapo walilotumia linaitwa basenji, na hapa naomba msikilizaji anisikilize vizuri. Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo, mdogo, mkia umejikunja, habweki kama wengine. Jina lake ni ndugu wa neno letu, washenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, Wasagara wakiwemo, na neno hilo likapanda na misafara mpaka Kongo. Waingereza walipomchukua mbwa wa watu hao wakamwandika kwa tusi hilo hilo. Waliopelekwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895 walikufa kwa maradhi. Mwaka 1937 Bibi Olivia Burn alirudi Crufts na wengine, na watu wakasongamana kuwatazama. Kitabu kikafungwa. Mbwa wachache wakazaa wao kwa wao, na ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea katika ukoo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibidi wafugaji wa Marekani wafunge safari mpaka Zaire kutafuta mbwa wa vijijini ili kuongeza damu mpya, na mwaka 1990 klabu ya Marekani ikafungua kitabu na kuwaandika.

Vijijini Zaire mbwa hao hawakuwa na bei. Na huku kwetu koko asiye na mwenyewe karibu huuawa kwa risasi pale halmashauri inapotangaza msako wa mbwa wanaozurura, eti kuzuia kichaa. Risasi haizuii kichaa cha mbwa. Kinachokizuia ni chanjo, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kati ya mwaka 2010 na 2015 mikoa ya kusini mashariki, Morogoro ikiwemo, ilikuwa katika mradi wa chanjo wa shirika hilo na Mfuko wa Bill na Melinda Gates. Wilaya 28 zilifikiwa, na watoto ndio waliowaleta mbwa, wamewafunga kamba za katani, wengine mbwa wawili wawili, wakapanga foleni.

Chanjo hiyo hutakiwa kurudiwa, na watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka. Kabla ya kutafuta fedha ya kutuma mate ng'ambo, mwanangu, muulize bwana mifugo wa kata yako lini wanachanja Magomeni. Na jirani akija tena kuuliza habari za mbwa wa polisi, mwambie huyu alikuwapo kabla ya polisi.