Kiashiria cha muunganisho: hodi ya kompyuta na majibu yake

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, Mkongomani husema rezo, Mganda husema netiwaki, na aliyesomea Kiswahili cha vitabuni husema mtandao. Maneno yote matatu hubeba mzigo uleule: mawimbi ya kampuni ya simu, uhusiano wa kompyuta na ruta, na intaneti yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea. Kasheshe huanza kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Base Camp, alama ya dunia iliyoko pembeni mwa skrini inapodai kwamba intaneti haipo, na papo hapo ujumbe wa WhatsApp unaingia kwenye kompyuta ileile. “Rezo iko, lakini mashine inakatala,” mteja analalamika. Hajakosea hata kidogo.

Alama hiyo inaendeshwa na kipengele cha Windows kijulikanacho kwa herufi NCSI, ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita kiashiria cha hali ya muunganisho. Kimekuwamo tangu enzi za Windows Vista. Wengi hudhani kinapima nguvu ya Waifai, lakini hiyo si kazi yake. Kompyuta ikishaungana na ruta, hupiga hodi kwenye anwani ya Microsoft, msftconnecttest.com, ikiomba faili dogo lenye maneno matatu tu: Microsoft Connect Test. Yakirudi hivyo hivyo, Windows inatangaza kwamba intaneti ipo. Yasiporudi, au yakirudi mengine, inatangaza haipo. Simu za Android nazo hupiga hodi kwa Google na kungoja jibu tupu lenye namba 204, na vifaa vya Apple hungoja neno Success.

Ndiyo maana kwenye jina hilo napendelea kiashiria kuliko kipimo, neno ambalo baadhi ya mafundi hulitumia. Kipimo hutoa kiasi, na hapa hakuna kiasi chochote, kuna dalili tu ya jibu la swali moja lililoulizwa mahali pamoja. Lile swali lenyewe, ambalo watafsiri wamezoea kuliita uchunguzi, mimi ningeliita hodi bila kusita. Neno hilo ni fupi, na linaeleza wazi kwamba kukosa jibu mlangoni si ushahidi kuwa nyumba haina watu. Muunganisho ubaki kwa uhusiano wa kompyuta na ruta peke yake, na kufika nje kuitwe ufikivu wa intaneti. Programu ikiandika “hakuna mtandao” kwa hali zote mbili, fundi hajui aanzie kwenye ruta au kwenye bando.

Hodi hukwama kwa sababu nyingi, na Uganda ina zake. Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na watu wakakimbilia VPN ili kuikwepa. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa takriban siku tano. (Siku hizo kiashiria kilisema kweli tupu.) Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi nayo, na VPN zikaendelea kukaa kwenye kompyuta. Sasa VPN ikishika njia zote za kompyuta, hodi inaweza kutoka kabla njia hazijafunguka, au ikapelekwa kwenye seva ya majina isiyoijibu, na Windows ikatangaza msiba ambao haupo. Machi 2020 Microsoft yenyewe ilikiri kasoro ya aina hiyo kwa watumiaji wa VPN na proksi, ikatoa marekebisho mwishoni mwa mwezi huo.

Upo pia uongo wa upande wa pili. Kompyuta za mitumba nyingi zina betri ndogo ya saa iliyokwisha, hivyo umeme wa sola ukikatika na betri kubwa ikaisha, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Hodi haitumii cheti cha usalama, kwa hiyo inajibiwa vizuri na alama inaonyesha intaneti ipo. Lakini kila ukurasa salama unakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana kama havijaanza kutumika. Mwenye kompyuta anaipakia kwenye bodaboda hadi Mbarara, anapigiwa Windows upya kwa pesa nzuri, na dawa ilikuwa kurekebisha tarehe.

Kwa hiyo, kabla ya safari, angalia saa. Kisha zima VPN, fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Namba ikijibu, njia ya nje ipo, na sasa jaribu jina, kama ping google.com. Jina likikataa na namba ikajibu, tatizo ni DNS, yaani seva ya majina. Namba isipojibu, angalia bando la simu inayotoa hotspoti. Ukiwa kwenye Waifai ya hoteli au ya chuo mjini Mbarara, fungua kivinjari kwanza, maana huenda kuna ukurasa unaodai jina na nywila kabla ya kukuruhusu kupita.

Wapo mafundi wanaoingia kwenye rejista ya Windows na kuibadilisha thamani ya EnableActiveProbing iwe 0 ili hodi isipigwe tena. Siwaungi mkono. Zipo programu zinazoisikiliza NCSI kabla ya kujaribu zenyewe: mwaka 2020, kiashiria kilipokosea, Duka la Microsoft na Spotify vilikataa kwenda mtandaoni huku kivinjari kikifungua kurasa bila shida. Ukiizima hodi, mteja wa kesho ambaye bando lake limekwisha kweli hataambiwa na kompyuta.