Kibra: Msitu Uliokosa Hati

Aghalabu jina huishi zaidi kuliko kitu kilicholizaa. Kibra, mahali ambapo leo wengi hupaita Kibera, maana yake katika lugha ya Wanubi ni msitu; lakini msitu wenyewe umekwisha kutoweka. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kukaa huko mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka wa 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Walipewa ruhusa ya kujenga na kulima, wala hawakupewa hati. Katika miaka ya 1930 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter iliwahesabu kuwa wapangaji tu, wakaao kwa hiari ya Serikali.

Uamuzi huo wa karatasini ulishuka mpaka mtoni. Mtu awezaye kufukuzwa kesho hapandi mti wa miaka thelathini, wala hachimbi choo cha kudumu. Nao mji usiozitambua nyumba zake haukumpelekea mifereji ya maji machafu, wala gari la taka. Baada ya uhuru wa 1963 watafuta kazi walifurika, vyumba vikasongamana, na kila mvua ikachukua kinyesi, takataka na udongo ikavitia mtoni.

Chini ya makazi hayo palikuwa na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 katika mto Motoine. Zamani mashua za tanga zilicheza juu yake. Baadaye matope yalilijaza, gugu-maji likalifunika, na mahali palipopita mashua pakalimwa mboga.

Ni rahisi kumlaumu maskini kwa uchafu huo, kwa kuwa wake huonekana. Walakini aliye na bomba la maji machafu si msafi kwa tabia kuliko asiye nalo. Ametangulia kuhudumiwa tu. Mwaka wa 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288, sehemu isiyofika moja ya kumi ya ardhi ile ya 1918. Mwaka wa 2024, mafuriko yalipoua watu Nairobi, wakaao kando ya mito waliamriwa kuhama. Mto ulidai deni kwa wale waliokaa karibu nao, si kwa wale waliolikopa.