Kilomita Si Maji: Hoja Dhidi ya Kipimo cha Umbali katika Tathmini za Majengo ya Umma

Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, zinazotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, zina mtindo uliozoeleka. Eneo la jengo la umma linapopendekezwa, mwandishi huorodhesha kuwa kituo cha zimamoto kiko kilomita kadhaa, hospitali haiko mbali, na bomba la maji na laini ya umeme zinapita jirani. Hapo sehemu ya huduma hufungwa. Makala hii inadai kwamba orodha hiyo inaeleza ramani tu. Uwezo wa kuokoa haumo.

Kwamba moto mkubwa huzimwa kwa maji mengi, hakuna anayebisha. Ubishi unaanza kwenye vipimo. Mfumo wa Insurance Services Office wa Marekani, unaotumiwa na kampuni za bima kupima kinga ya moto ya eneo, kwa miaka mingi uligawa alama za msingi hivi: zimamoto asilimia 50, maji asilimia 40, mawasiliano ya dharura asilimia 10. Huko maji hupimwa kwa kiasi kinachotoka. Kwetu yakishaandikwa kuwa "yapo", hoja imekwisha.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, inatosha kuonesha hatari ya mazoea hayo. Soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, haliko hata kilomita mbili kutoka kituo cha zimamoto cha Barabara ya Morogoro. Kituo hicho ni maarufu kiasi kwamba hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kimeitwa Fire. Kwa kipimo cha umbali, jengo gani la umma lingepata alama bora zaidi? Hata hivyo, usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, soko hilo liliungua na mali za wafanyabiashara zikateketea.

Sidai kwamba maji peke yake ndiyo yaliyoliponza soko. Ninachodai ni kwamba ujirani haukulikinga, na hesabu ndogo inaonesha kwa nini ujirani hautoshi. Gari lenye lita 5,000, likitumia mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, hukauka baada ya dakika 10. Mipira ikiwa miwili, dakika tano. Kuanzia hapo askari wanategemea kisima cha zimamoto chenye presha, na njia ambayo haikuzibwa na meza za biashara wala magari yaliyoegeshwa.

Chanzo cha tatizo ni cha kitaasisi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliunda jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Bomba la maji la Dar es Salaam ni la DAWASA, kukata umeme kabla ya kumwaga maji ni kazi ya TANESCO, na barabara za mitaa, tangu 2017, ziko mikononi mwa TARURA. Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri, ambayo haimiliki hata kimoja kati ya hivyo vinne. Kila taasisi inaweza kujibu kwa haki kwamba huduma yake ipo, na jengo likaungua.

Watetezi wa umbali husema ndicho kipimo pekee kinachopatikana kabla ya ujenzi. Si kweli: presha ya bomba hupimwa kwa geji, na upana wa njia kwa futi kamba. Hoja yao nyingine ina uzito zaidi, kwamba jengo la kisasa liwe na tangi na pampu zake. Naikubali, ila pampu isiyojaribiwa ni pambo, na tangi nalo huisha.

Huenda kisa kimoja hakitoshi kubadili sheria. Kinatosha kubadili fomu. Kabla eneo lolote halijaidhinishwa, kuanzia ofisi za serikali huko Mtumba, Dodoma, hadi masoko ya wilaya, ripoti itaje lita kwa dakika zinazotoka kwenye kisima kilicho karibu zaidi, tarehe kilipojaribiwa, na jina la ofisi itakayokata umeme. Ripoti isiyo na mambo hayo matatu irudishwe kwa aliyeiandika.