Kobe wa Karonga aliyefunikwa na dinosaria

Mwaka 2028 itatimia miaka 100 tangu Sidney Haughton, mtaalamu wa visukuku wa Afrika Kusini, amtangaze kobe wa maji baridi aliyeishi kaskazini mwa Malawi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Alimwita Platycheloides nyasae. Mabaki yalitoka Karonga, alikochimba Frederick Dixey, mkuu wa jiolojia wa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo.

Pamoja naye alikuwamo dinosaria, na huyo ndiye aliyenyakua sifa zote. Haughton alimpa jina la Gigantosaurus dixeyi, akimhesabu ukoo mmoja na majitu ya Tendaguru, kule Lindi. Balaa likaanzia hapo. Mjerumani Eberhard Fraas, aliyefika Tendaguru mwaka 1907, ndiye aliyewapa majitu yale jina Gigantosaurus, kumbe Mwingereza Harry Seeley alikwisha kulitumia mwaka 1869 kwa mifupa ya kwao. Kanuni ya wataalamu haina huruma: aliyetangulia ndiye mwenye jina. Mwaka 1911 Richard Sternfeld akaliweka kando la Fraas na kuleta Tornieria. Haughton, basi, alimvisha mnyama wa Malawi jina lililokwisha kukataliwa miaka 17 nyuma! Mambo yalitengemaa mwaka 1993, Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza kitengo cha visukuku cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wenzake, akiwamo Mmalawi Elizabeth Gomani, walipompa jina lake mwenyewe: Malawisaurus.

Kobe hakugombewa na mtu, na ndiyo maana hasimuliwi. Ni dhuluma. Dinosaria anatuonyesha ukubwa. Kobe anashuhudia kwamba pale palikuwa na maji baridi. Ni wa kundi la wanaolaza shingo upande, kichwa kikajificha chini ya ukingo wa gamba, na nyonga zao zimeungana na gamba lenyewe. Majitu yale yametoweka yote, lakini jamaa za kobe huyu wangali wanaogelea katika mito na mabwawa ya Afrika hadi leo.

Makumbusho ya Karonga yalifunguliwa mwaka 2004, na Malawisaurus ndiye fahari yake. Miaka 100 ya kobe isipite kimya: aandaliwe maonyesho yake, na watoto wa shule wa pande zote mbili za mto Songwe, mpaka wa Malawi na Tanzania, waalikwe. Nawe msomaji, ukivuka mpaka wa Kasumulu, pita Karonga uulize habari zake.