Tawi, Mtaa au Kituo? Kanisa Moja Lenye Nyumba Nyingi za Ibada

Istilahi inayotafutiwa Kiswahili hapa ni multisite church, ambayo ilienea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kutufikia kupitia semina za wachungaji na vyuo vya Biblia. Maana yake ni kanisa moja linaloabudu mahali pengi. Uongozi ni mmoja, hazina ni moja, katiba ni moja na jina ni moja, ila waumini hukusanyika katika majengo mbalimbali, pengine hata katika miji tofauti. Mwaka 2006 Geoff Surratt, Greg Ligon na Warren Bird walitoa kitabu kilichouita utaratibu huo mapinduzi, na tangu hapo neno limezoeleka kwa yeyote anayesomea uongozi wa kanisa.

Kwa Kiswahili wengi husema tu "kanisa lenye matawi". Nimelisikia neno hilo mimbarani na kulisoma kwenye mabango ya barabarani, na kila mara naona linaficha jambo ambalo muumini anahitaji kulijua: pale anapoabudu ni mahali pa namna gani, nani anaamua, na panaelekea wapi.

Tuanze na kule neno lilikozaliwa, maana sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa. Kanisa linajaa. Ibada zinaongezwa, mbili, kisha tatu, hadi wachungaji na wanakwaya wanachoka. Kujenga ukumbi mkubwa zaidi ni gharama, na maegesho hayatoshi. Mwaka 1998 North Coast Church ya California ilianza kuwaweka watu katika chumba kingine wakiwa na waimbaji wao, huku mahubiri wakiyapata kwenye skrini. Wakishazoea skrini iliyo chumba cha pili, hakuna kinachozuia skrini hiyo kuwekwa mji wa pili. Life.Church, iliyoanzishwa na Craig Groeschel huko Oklahoma mwaka 1996, ilipata eneo lake la pili mwaka 2001 baada ya kuungana na kanisa jingine, na leo ina zaidi ya maeneo 40. Ndiyo iliyotoa programu ya Biblia ya YouVersion mwaka 2008, kwa hiyo wasomaji wengi wa Kiswahili wanabeba kazi ya kanisa hilo kwenye simu zao bila kulijua jina lake. Jumapili, katika kila eneo la Life.Church, nyimbo na maombi huongozwa na watu wa pale pale, mafundisho ya watoto yako mikononi mwao, na yupo mchungaji wao wa karibu anayewatembelea wagonjwa. Ujumbe wa neno ndio unaokuja kwa video.

Hapo ndipo istilahi inapoanza kuwa na uzito, kwa sababu "kanisa moja mahali pengi" linaweza kuwa mambo mawili yaliyo mbali sana, na historia ya karibuni imetuonyesha yote mawili. Mars Hill ya Seattle, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilifikia maeneo 15, na mhubiri wake, Mark Driscoll, ndiye aliyeonekana kwenye skrini za karibu yote. Alipojiuzulu Oktoba 2014, hazikupita wiki nyingi kabla ya uongozi kutangaza kwamba kanisa linavunjwa. Kufikia Januari 2015 jina Mars Hill halikuwepo tena. Baadhi ya maeneo yakageuka makanisa yanayojitegemea kwa majina mapya, mengine yakafungwa. Redeemer Presbyterian ya New York, ambayo Tim Keller aliianzisha mwaka 1989, nayo iliabudu mahali zaidi ya pamoja. Lakini yenyewe ilipanga mapema kwamba kila eneo liwe na mchungaji wake na wazee wake, na Keller alipong'atuka mwaka 2017 lile kanisa moja likawa makanisa matatu. Mwenye kutazama kwa nje miaka michache kabla angeyaita yote mawili kwa istilahi ile ile. Moja lilikuwa linatanda chini ya sauti ya mtu mmoja, la pili lilikuwa linajiandaa kuzaa.

Nairobi nayo ina mifano yake. Nairobi Pentecostal Church ya Valley Road ilipoongeza makusanyiko sehemu nyingine za jiji na nje yake, haikuyaacha yajitegemee. Yalibaki pamoja chini ya askofu mmoja, na mwaka 2003 chombo chote kikachukua jina la Christ Is The Answer Ministries, ambalo watu wanalifupisha CITAM. Nairobi Chapel, chini ya mchungaji Oscar Muriu, ilishika njia nyingine. Mwaka 2005 iligawanyika kwa kukusudia na kutoa makanisa kadhaa, likiwamo Mavuno lililoongozwa na Muriithi Wanjau. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika kwamba makanisa yote mawili "yalifungua matawi" atakuwa amelieleza la kwanza kwa kiasi na kulikosea kabisa la pili.

Ajabu ni kwamba tunahangaika na tafsiri ya jambo ambalo Kiswahili cha kanisa kimelizungumza kwa vizazi. Kanisa Katoliki la Tanzania na Kenya lina kigango. Tangu misheni ya Bagamoyo ilipoanzishwa mwaka 1868, mapadre hawakuwahi kutosha. Padre aliishi misheni, na vijijini Wakristo walikusanyika chini ya katekista, aliyewafundisha, akawaongoza katika ibada ya Neno Jumapili, na kumsubiri padre afike kwa Misa na Kitubio. Parokia moja inaweza kuwa na vigango vingi, na ndani ya kila kigango zipo jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976. Paroko ni mmoja, vitabu vya ubatizo viko parokiani, hazina ni ya parokia. Hiyo ni nini kama si kanisa moja mahali pengi?

Na Wakatoliki wana neno dogo ninalolihusudu: teule. Eneo linalokua likakaribia kujitegemea huitwa parokia teule. Neno hilo moja linamwambia kila muumini kwamba pale hapatabaki hivi. Anajua kwa nini anachangia nyumba ya mapadre. Katika Kiingereza cha vitabu vya Marekani nimekosa neno la kawaida linalofanya kazi hiyo kwa ufupi namna ile.

Walutheri wa Tanzania wana mtaa na usharika. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri, usharika ndio kitengo chenye mchungaji, baraza la wazee na mhazini, na chini yake ipo mitaa inayoongozwa na wainjilisti. Ukitaka kuelewa maana ya hazina moja, kaa mtaani mwao Jumapili baada ya baraka. Waumini wanatoka nje wakiimba, wanasimama duara, na mnada unaanza: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo ananunuliwa, anarudishwa, anauzwa tena. Ndani, wazee wa kanisa wamebaki mezani na kapu la sadaka. Noti zinapangwa kwa thamani yake, sarafu zinawekwa mafungu, bahasha za ahadi zinafunguliwa moja moja na namba ya msharika inaandikwa daftarini. Fedha ya mnada ikiingia inajumlishwa, wazee wanatia sahihi, na kiasi kinatangazwa Jumapili inayofuata kwa shilingi kamili. Kisha fedha hiyo inakwenda kwa mhazini wa usharika. Mtaa umeitoa, usharika ndio unaoitunza na kuipangia matumizi. Hakuna anayeona ameibiwa, kwa sababu kila mmoja anajua mtaa ni nini. Anajua pia kwamba mtaa ukikua, ukaweza kumtunza mchungaji na kumjengea nyumba, unaweza kuomba upandishwe kuwa usharika kamili.

Kwa nini basi tusichukue "mtaa" au "kigango" tukamaliza? Ningependa iwe hivyo, lakini haiwezekani. Mtaa katika miji ya Tanzania ni ngazi ya serikali, una mwenyekiti na mhuri wake, na kwa Mkenya mtaa ni eneo la makazi. Ukiandika "kanisa la mitaa mingi" msomaji wa Nakuru atafikiri ni kanisa linalohubiri vichochoroni. Kigango kina harufu ya Kikatoliki, na Mpentekoste hatalikubali jina hilo kwenye kibao chake. "Kanisa mahalia" nalo lina mwenyewe: kwa Wakatoliki ni jimbo lenye askofu wake, wala si jengo moja la ibada. Na katika Tanzania Assemblies of God, "kanisa la mahali pamoja" ni kanisa kamili lenye mchungaji wake na uongozi wake, kinyume cha tunachotaka kusema.

Limebaki "tawi". Nguvu yake ni kwamba kila mtu analielewa. Udhaifu wake ni huo huo, maana analielewa kutokana na benki na chama cha siasa. Tawi lina makao makuu, meneja wake analetwa na kuhamishwa kutoka juu, na mteja hana la kusema. Makanisa mengine yanaendeshwa hivyo kweli, na kwao neno hilo ni la haki. Lakini msomaji wa Biblia analo tawi jingine moyoni, lile la Yohana sura ya 15, ambapo mzabibu ni Kristo na matawi ni wanafunzi wake. Tukiyaita makusanyiko ya mbali matawi, na pale anapohubiri mwanzilishi tukapaita makao makuu, tumemweka mtu kwenye nafasi ya shina. Silisemi hili kwa kutafuta makosa ya watu. Nalisema kwa sababu waumini huishi ndani ya maneno wanayopewa, na nimewasikia watu wazima wakisema "sisi ni tawi tu" kwa unyonge ambao haustahili kuwa ndani ya mwili wa Kristo.

Ninapendekeza kanisa la vituo vingi. Kituo kinatokana na kutua, na katika Kiswahili cha kila siku ni mahali ambapo huduma ya chombo kikubwa inamfikia mtu alipo: kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha kupigia kura. Kituo cha kura hakina uchaguzi wake peke yake, uchaguzi ni mmoja na vituo ni vingi. Hilo ndilo wazo lenyewe la istilahi. Wapo watakaosema neno ni kavu, na kwamba hakuna mtu anayetaka kufunga ndoa yake "kituoni". Ni kweli, lakini sioni kama hasara. Jina la upendo litabaki kwa kanisa, na kituo kitaeleza mahali. Kanisa la Korintho, ambalo Paulo aliliandikia kama kanisa moja, lilikuwa na nyumba za kukutania, na barua kwa Warumi inamtaja Gayo wa huko kama mwenyeji wa kanisa lote. Nyumba zilikuwa nyumba, kanisa likawa kanisa.

Kutoka hapo maneno mengine yanajipanga. Anayeongoza mahali pamoja ni mchungaji wa kituo, na mwenye usimamizi wa wote ni mchungaji kiongozi, kama inavyosemwa tayari. Neno kampasi tuviachie vyuo vikuu. Mahali panapopokea mahubiri kwa video ni kituo cha skrini, na inafaa pasemwe hivyo waziwazi ili mgeni asidhani mhubiri yupo. Eneo lililopangiwa kujitegemea liitwe kituo teule, kwa kuazima kutoka kwa ndugu zetu Wakatoliki. Likishajitegemea si kituo tena, ni kanisa changa, na lililolizaa ni kanisa mama. Kazi ya kulianzisha tangu mwanzo ibaki kuwa kupanda kanisa, msamiati ambao tayari una mizizi.

Tofauti hizi hazijafikiriwa kwa ajili ya kamusi peke yake. Nchini Tanzania viwanja vya kanisa husajiliwa kwa jina la wadhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Waumini wa mahali wanaweza kuchanga miaka mingi, wakabeba mawe na kumwagilia matofali ya jengo lao kila jioni yasipasuke, na hati ikatoka kwa jina la bodi iliyo mji mwingine. Hakuna ubaya ndani ya hilo ikiwa walijua tangu siku ya kwanza kwamba wanajenga kituo. Mgogoro huzaliwa pale ambapo wao walidhani wanajenga kanisa lao, na ofisi ilijua inafungua tawi. Ugomvi unaofuata hupelekwa mahakamani, na huko hakimu huuliza katiba inasemaje. Katiba nyingi za makanisa yetu hutumia tawi, kituo, kanisa na ushirika kana kwamba ni neno moja, ndani ya ukurasa ule ule.

Kwa hiyo pa kuanzia ni sehemu ya katiba inayoeleza maana za maneno, kabla kiwanja kinachofuata hakijanunuliwa. Iandikwe kituo ni nini, nani humweka mchungaji wake, sehemu gani ya sadaka hubaki pale, na kwa masharti yapi huwa kituo teule. Kisha isomwe kwa sauti mbele ya watu watakaobeba hayo mawe.