Kwa nini sangara hafugwi? Safari ya samaki mmoja kutoka Ziwa Albert hadi Busega

Swali hili si langu. Niliulizwa na mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Bariadi, siku nilipojitambulisha kwake kwamba nasomea mambo ya samaki. Akanitazama, akapima kopo la mteja, kisha akasema: "Mwanangu, mbona sato mnamfuga kwenye vizimba na sangara hamumfugi? Si ndiye mwenye hela?"

Nikajibu jibu la haraka la darasani. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba jibu langu lilikuwa nusu tu, na nusu iliyobaki ni historia. Basi nikae nikusimulie wewe yote mawili.

Tuanze na ukoo. Sangara ni wa jenasi ya Lates. Ukiwahi kula migebuka wa Kigoma, umekula ndugu yake wa Ziwa Tanganyika. Na kule Asia na Australia kuna ndugu yao mwingine anayeishi baharini na kwenye midomo ya mito, anaitwa baramundi. Huyo baramundi anafugwa, tena kwa wingi. Watu wa Thailand walianza kumzalisha kwenye vituo vya vifaranga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo yumo kwenye mabwawa na vizimba vya pwani katika nchi nyingi, hadi Saudi Arabia.

Sasa usidhani kazi hiyo ni rahisi kama ya sato. Sato jike hutaga, hubeba mayai mdomoni, na vifaranga hutoka wakiwa tayari kula pumba. Baramundi hataki mzaha. Kwanza, huanza maisha akiwa dume, kisha baada ya miaka kadhaa hugeuka kuwa jike, kwa hiyo mfugaji lazima atunze wazazi wa umri tofauti. Mayai yake hayafiki hata milimita moja. Kifaranga akitoka ana mdomo mdogo kiasi kwamba lazima alishwe wanyama hai wasioonekana vizuri kwa macho, ambao nao unawafuga kwa kuwalisha mwani. Yaani unafuga mwani ili ufuge vijidudu ili ufuge samaki. Halafu akishakua kidogo anaanza kula wenzake! Usipowachambua kwa ukubwa kila baada ya siku chache, utaamka ukute samaki wachache wanene ndani ya tanki.

Sangara ana tabia hizo karibu zote: yai dogo, kifaranga dhaifu, mlaji wa ndugu. Hilo ndilo nililomjibu mama. Na ni kweli. Lakini ubishi kuhusu sangara katika ziwa letu ulianza muda mrefu kabla ya vizimba, na haukuwa ubishi wa vifaranga. Ulikuwa wa chakula: sangara atakula nini, na hicho atakachokula kilikuwa chakula cha nani?

Rudi nami nyuma hadi 1905, nyavu za makila zilipoanza kutumika Ziwa Victoria. Samaki aliyetafutwa wakati huo alikuwa ngege. Ndani ya miaka ishirini hivi ngege alishapungua kiasi cha kuwatia wasiwasi watawala, wakamleta mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ilitoka 1929. Alishauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Akagusia pia wazo la kuleta samaki mkubwa mlaji kutoka ziwa jingine, na akaonya kwamba ni jambo la hatari mno likifanywa bila utafiti wa kina. Hiyo ni 1929. Iweke akilini.

Ushauri wa nyavu ulifuatwa kwa kusuasua, ngege akaendelea kupungua. Ningu naye, samaki ambaye hupanda mitoni mvua zikianza ili azaliane, alikuwa anazibiwa njia kwa nyavu kwenye midomo ya mito. Kilichobaki kwa wingi ni furu. Ukilizungumzia Ziwa Victoria la zamani unazungumzia furu: vidogo, vyenye miiba, aina mamia kadhaa ambazo hazipatikani kwingine duniani. Wapimaji wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliona furu wakiwa takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki waliokuwa wakivuliwa na nyavu za kukokota chini ya maji.

Kwa maofisa wa uvuvi wa kikoloni, furu walikuwa takataka. Sijui kama kuna neno lililofanya uharibifu mkubwa kuliko hilo. Watu wa mwambao walikuwa wanawakausha furu juani, wanawauza hadi vijiji vya ndani kusiko na ziwa, lakini kwenye makaratasi waliandikwa kama samaki wasio na thamani. Hoja ikawa nyepesi: tulete samaki mkubwa awale hawa taka, agetuze nyama nzuri. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo husemwa kwa aibu kidogo, kwamba baadhi ya wakubwa walitaka samaki wa kuvua kwa ndoana kama mchezo.

Ubishi wa kitaalamu ulifanyika hadharani. Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti kwenye taasisi ya uvuvi ya Afrika Mashariki kule Jinja, aliandika mwaka 1960 akipinga. Hoja yake kubwa ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa baiolojia anaijua: kila unapopanda ngazi moja ya ulaji, nguvu nyingi inapotea njiani. Kilo moja ya sangara inagharimu kilo kadhaa za furu. Kwa hiyo ukilijaza ziwa walaji wakubwa, unapata samaki mkubwa zaidi lakini chakula kidogo zaidi. Mwaka uliofuata A. M. Anderson akajibu akitetea upandikizaji, katika jarida lile lile.

Kumbe wakati wanabishana, samaki alishaingia.

Sangara alionekana rasmi karibu na Jinja mwaka 1960. Kwa miaka mingi ilisemwa labda alipenya mwenyewe kwenye bwawa la Owen Falls. Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alichapisha makala yenye ushahidi mwingine: idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda ilishawamwaga sangara ziwani kimya kimya tangu 1954, wakiwa wametolewa Ziwa Albert, na mfanyakazi mmoja Mwafrika wa idara hiyo alikiri kwamba yeye mwenyewe aliifanya kazi hiyo kwa maagizo ya wakubwa zake. Baada ya samaki kuonekana, hoja ya kupinga ikaishiwa nguvu. Wakasema si yumo tayari? Wakaongeza wengine waziwazi, Entebbe na Kisumu, mwaka 1962 na 1963.

Upande wetu wa Tanganyika alifika kwa kuogelea. Na usisahau: katika miaka ile ile ya 1950 sato naye aliletwa. Ndiyo, sato huyu huyu unayemwita wa asili. Mwenye ziwa alikuwa ngege.

Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Miaka ya 1970 sangara bado alikuwa adimu kusini, na Mwanza kikajengwa kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuja Mwanza 1977 kuwachunguza furu, nao bila kutarajia wakajikuta wanaandika tanzia. Kati ya 1983 na 1987 hivi sangara walilipuka katika Ghuba ya Mwanza. Frans Witte na wenzake walikadiria mwaka 1992 kwamba aina zipatazo 200 za furu zimetoweka au ziko karibu kutoweka.

Lakini hapa naomba usimbebeshe sangara mzigo wote. Ukisimama kwenye daraja la Mto Simiyu wakati wa masika utaona maji rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba ya mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, pamoja na mbolea na samadi, unashuka hadi Ghuba ya Speke. Virutubisho vikizidi mwani unastawi, ukioza unamaliza hewa kwenye vina. Na furu majike huchagua madume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka macho hayatofautishi rangi, aina zinachanganyikana na kupotea bila kuliwa na mtu. Kwa hiyo mkulima wa Bariadi, ambaye hajawahi kushika nyavu, naye yumo katika hadithi hii.

Fedha ziliingia, hilo hakuna wa kulikana. Samaki waliovuliwa ziwa zima walipanda kutoka takribani tani 100,000 kwa mwaka hadi zaidi ya tani 500,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Minofu ikaenda Ulaya, mabondo yakaenda China, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu, lazima abanikwe, kuni zikakatwa. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko kwa sababu ya uvuvi wa sumu, mwambao mzima ulijua. Jina lenyewe likaingia kwenye siasa: chama cha upinzani kikaita ziara zake Operesheni Sangara, na mwaka 2018 serikali nayo ikatumia jina hilo hilo kwa msako wa nyavu haramu, chini ya waziri Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa, huko huko Simiyu, jimbo ambalo halina hata mita moja ya ufukwe wa Ziwa Victoria.

Simiyu, uliozaliwa 2012, una wilaya moja tu inayogusa ziwa: Busega, iliyomegwa kutoka Magu. Pale Lamadi ndipo barabara ya Bariadi inapoachana na ile ya Mwanza na Musoma, na hapo ndipo samaki hugawanyika. Sangara mzuri anakwenda Mwanza kiwandani. Dagaa, ambao walistahimili janga lote lile na hata kuongezeka, ndio wanaopanda kuja Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kwenye magunia.

Ndiyo maana niliporudi sokoni nilimpa mama jibu jingine. Nikamwambia vifaranga vya sangara ni kazi, lakini ujuzi upo, wenzetu wa baramundi wameuweza. Tatizo ni kwamba sangara hali pumba. Tukimfuga, tutamlisha dagaa, hawa hapa mbele yako, kilo kadhaa ili tupate kilo moja ya mnofu utakaopanda ndege. Ni hesabu ile ile ya Fryer ya 1960.

Akatikisa kichwa, akalisawazisha fungu lake kwa kiganja. "Haya. Na hao sato wa vizimbani, wao wanalishwa nini?"

Nikamwambia soya, pumba, mashudu, kidogo ya pamba wakati mwingine. Na dagaa.