Waridi la Upepo na Njia ya Unyanyembe

Mtu wa mwambao akiulizwa kusini ni wapi, jibu limo katika jina la upepo. Kusini ni kunakotoka kusi. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Majina hayo ni ya mabaharia, nayo Kiswahili kiliyapandisha bara pamoja na misafara, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Hata Kipalapala, karibu na Tabora, mahali palipochapwa vitabu vingi vya Kiswahili katika mitambo ya wamisionari, dira husomwa kwa pepo za bahari isiyoonekana.

Ajuaye hayo hatapotea mbele ya mchoro ambao wanahewa huuita waridi la upepo. Petali zake, aghalabu 16, huelekea kule upepo utokako, si uendako. Urefu wa petali ni sehemu ya saa zote ambazo upepo ulitoka upande huo. Rangi zake hutenga upepo mwanana na ule mkali. Na saa za shwari huhesabiwa peke yake, mara nyingi katikati. Petali ndefu, basi, haimaanishi upepo wenye nguvu. Humaanisha upepo wa mara kwa mara.

Hata hivyo, waridi la mwaka mzima huficha jambo. Kiangazi cha Tabora, Mei hadi Oktoba, upepo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, mkavu na wa kudumu. Masika yakiingia, pepo hugeukageuka, na unyevu huja na zile za kaskazini na za magharibi kutoka Kongo. Zikijumlishwa katika mchoro mmoja, petali za mashariki huzimeza nyingine. Msomaji atauona upepo uliozoeleka, asiuone ule unaoleta mvua.

Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuuchanganya mwaka hivyo. Waliteremka pwani baada ya mavuno, wakipania kurudi kabla ya mvua, kwani aliyechelewa alikuta msimu wa jembe umempita, na nyumba yake ikaingia njaa. Pwani nako majahazi yalikuwa na saa yake: yalikuja na kaskazi, yakarejea Arabuni na Bara Hindi kwa kusi. Pembe na nguo zilipita baina ya saa hizo mbili.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, mvua zikiwa mlangoni. Walipoendelea magharibi masika yaliwakuta njiani. Februari 1858 walifika Tanganyika, mmoja hajiwezi kwa miguu, mwingine haoni vizuri.

Kwa hiyo apimaye upepo wa Kipalapala, awe mjenzi au mkulima, na achore mawaridi mawili: la kiangazi na la masika. Misafara iliishi kwa misimu. Wastani wa mwaka haukumlisha mpagazi.